Mpishi wa Kitengo cha Ustawi

"Kwa kipimo cha moja mpaka tano, moja ikiwa vibaya sana na tano vizuri sana, leo unajisikiaje?"

"Tano."

"Na usingizi wako?"

"Tano."

"Unapata utulivu wa kujisomea?"

"Tano. Zote weka tano, mama. Simu yangu inaisha chaji."

Mpishi akajaza tano mpaka chini ya karatasi, kisha akaanza kusoma sentensi ya mwisho kama ilivyoandikwa: "Chuo kinakujali, endelea ku..." Simu ikakatwa kabla hajafika kwenye kujilinda. Hiyo ilikuwa simu ya kumi na mbili, na saa tatu ya asubuhi ilikuwa haijafika. Kwa siku alitakiwa apige sitini.

Alikuwa amepika kwenye bwalo la chuo kwa miaka kumi na tisa. Alijua wali wa watu mia sita unataka maji kiasi gani bila kupima, na alijua kwa kumtazama tu mwanafunzi kwenye foleni kama ana mtihani, ana mimba, au ameachwa. Gonjwa lilipoingia, chuo kilifungwa ndani ya siku mbili, wanafunzi wakaambiwa warudi kwao, na bwalo likapigwa kufuli. Wachache walibaki, wale wa maabara na wale ambao hawakuwa na kwao pa kurudi. Wafanyakazi waliokosa kazi hawakufukuzwa. Walikusanywa kwenye chumba cha zamani cha kusahihishia mitihani, wakapewa kila mmoja simu ya vitufe, karatasi ya maswali matano na mafunzo ya nusu siku. Mlangoni kikabandikwa kibao kipya: Kitengo cha Ustawi wa Wanafunzi. Walikuwa watano: mpishi, dereva wa basi la chuo, wadada wawili wa maktaba, na mzee aliyekuwa akikata majani ya uwanja wa mpira. Kati ya meza na meza palining'inizwa karatasi ya nailoni, ile ya kufunikia magodoro, na kila mmoja aliongea nyuma ya barakoa yake kama mtu aliye chini ya maji.

"Wanatudanganya hawa," Dereva alisema kutoka meza ya pili, akifuta miwani iliyojaa mvuke. "Wote tano. Wanafunzi gani hao wenye raha kuliko mkuu wa chuo?"

"Ukisema mbili unaongezewa maswali kumi na mawili," mmoja wa wadada wa maktaba akajibu. "Halafu unatumiwa video ya kuvuta pumzi. Video yenyewe inakula bando lote. Nani aseme mbili?"

Walicheka kidogo. Mpishi akavuta karatasi ya kumi na tatu. Ilikuwa ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu, bweni la karantini, chumba namba mia mbili na kumi na nne. Simu iliita mara nyingi ndipo ikapokelewa.

"Habari za asubuhi. Napiga kutoka Kitengo cha Ustawi wa Wanafunzi. Kwa kipimo cha moja mpaka..."

"Mama? Si wewe mama wa bwalo?"

Sauti aliijua. Ilikuwa ya binti mmoja mwembamba ambaye kila siku alifika dirishani na sahani yake na kusema, "Mama, mimi bila kitunguu," kana kwamba kitunguu kilichopikwa kwenye sufuria ya watu mia sita kinaweza kuombwa kitoke. Jikoni walimwita Bila Kitunguu. Siku zile sauti yake ilisikika mpaka kwenye majiko. Leo ilikuwa ya kuvutwa, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Ndiye mimi, mwanangu. Unajisikiaje?"

"Tatu. Hapana, weka nne."

Kalamu ikabaki hewani. Mpishi akaugeukia ukuta, mgongo kwa wenzake. "Umekula nini leo?"

Upande wa pili kikasikika kicheko kikavu. "Hilo swali liko kwenye karatasi, mama?"

"Haliko. Nakuuliza mimi."

"Mara ya mwisho kuletewa chakula ilikuwa Jumamosi mchana."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Binti alieleza polepole, akipumzika katikati ya maneno. Walikuwa kumi na mmoja ghorofa ya pili, wote waliokuwa maabara moja na mtu aliyekohoa. Walichukuliwa vipimo, majibu siku ya kumi bado hayajarudi. Mlango wa chini umefungwa kwa kufuli upande wa nje. Mtu wa chakula alikuwa akiacha maboksi ngazini mara mbili kwa siku, kisha mkataba wake ukaisha, na mpya unasubiri saini. Tangu hapo walikuwa wakigawana biskuti, na maji ya bomba. Biskuti nazo ziliisha jana.

"Mbona hamkusema? Jana si mlipigiwa?"

"Mimi nilipigiwa na baba mmoja wa sauti nzito. Aliniuliza nimelalaje."

Mpishi akamtazama Dereva kupitia nailoni. Dereva alikuwa akisema, "Na utulivu wa kujisomea?"

"Mama, mimi nitavumilia," binti akaendelea. "Anayenitia hofu ni kaka wa mia mbili na tisa, yule wa sukari. Jana jioni chuo kilituma meseji kwamba chakula kinarudi leo saa moja na nusu asubuhi. Akaamka saa moja akachoma sindano yake, ili chakula kikija kimkute tayari. Chakula hakijaja. Tumekaa dirishani tunasubiri gari mpaka sasa. Ameanza kutetemeka, jasho linamtoka. Amesema anakwenda kulala kidogo."

Mpishi alisimama bila kujua kwamba amesimama. Kijana huyo alimkumbuka pia. Alikuwa akimwekea sahani pembeni kila siku, saa sita na nusu kamili, kwa sababu daktari wa zahanati aliwahi kuja mwenyewe jikoni akamwambia: huyu akishachoma sindano, asikae bila kula.

"Msimwache alale! Mna sukari? Soda? Chochote kitamu?"

"Tulikuwa na glukosi. Imeisha jana."

"Kagonge mlango wake. Gonga mpaka aamke, mnanisikia? Nakuja."

Mratibu wa kitengo alikaa kwenye kijichumba cha kioo mwisho wa ukumbi. Alikuwa kijana wa watu, mpole, shahada mbili, mkataba wa miezi sita. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na tai, chini kaptula na kandambili, maana kamera ya mkutano ilimwonyesha kuanzia kifuani. Mpishi alimweleza kwa pumzi moja. Yeye aliitikia kwa kichwa huku jicho moja likiwa kwenye kompyuta.

"Pole sana, mama. Ila chakula si kitengo chetu. Sisi ni ustawi wa kisaikolojia. Chakula ni Huduma za Mabweni."

"Tumbo tupu halina saikolojia? Basi piga zahanati, mtoto anaanguka kule."

Alipiga. Zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja siku hizo, na simu yake ilikuwa ikitumika. Akapiga tena, ikawa vilevile. Basi akaandika kitu kwenye kompyuta, akabonyeza, akapumua. "Nimeingiza kwenye mfumo. Limepewa namba. Watalishughulikia."

"Lini?"

"Ndani ya saa ishirini na nne za kazi." Aliposikia mwenyewe alichosema, akaona haya, akashusha sauti. "Mama, saa nne nina kikao na wafadhili. Wanataka kuona wanafunzi wangapi wamefikiwa. Tuko asilimia tisini na saba. Nisaidie tu, huyo wa mia mbili na tisa mwandike kwenye kisanduku cha 'Mengineyo', nitalisemea."

Kisanduku cha Mengineyo kilikuwa na upana wa vidole viwili. Mpishi aliiacha karatasi juu ya meza yake na kutoka.

Ofisi ya Huduma za Mabweni ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Alivuka karibu anakimbia, sketi ameishika mkononi, majani yakimfika magotini kwa kukosa wa kuyakata. Mlango umefungwa. Kwenye kioo karatasi imebandikwa: "Tunafanya kazi kutoka nyumbani. Kwa dharura piga namba hii." Akaipiga palepale. Ikapokelewa mara moja.

"Kitengo cha Ustawi wa Wanafunzi, chuo kinakujali."

Ilikuwa sauti ya Dereva.

"Ni mimi," mpishi akasema.

"Wewe dada, umepotelea wapi? Mratibu anakuulizia."

"Niko mlangoni kwa Mabweni. Namba yao ya dharura ndiyo hiyo uliyoshika." Akafumba macho. "Nitazamie karatasi za jana. Yule kijana wa mia mbili na tisa, karantini. Nani alimpigia?"

Karatasi zikasikika zikipekuliwa. "Mimi. Tano, tano, tano, tano, tano. Tena alinishukuru, akaniambia nijitunze na mimi." Kisha, "Kuna nini?"

Akamwambia. Bila kusubiri jibu akakata na kuelekea stoo.

Alimkuta mtunza stoo kwenye kiti chake nje ya mlango wa chuma, kalamu sikioni, daftari magotini, kama alivyokaa miaka yote. Nyuma yake, kupitia wavu, mpishi aliyaona magunia aliyoyapokea kwa mkono wake mwenyewe wiki ile chuo kilipofungwa: mchele, maharage, unga, sukari. Chini ya gunia la maharage palikuwa na kijilima cha vumbi jeupe. Wadudu walikuwa wameshaanza kula.

"Nifungulie, kaka. Kilo tano za unga na kilo moja ya sukari. Kuna watoto kumi na mmoja hawajala tangu Jumamosi."

"Leta fomu."

"Fomu ya nani? Bwalo limefungwa."

"Ndiyo nakuambia. Bwalo limefungwa, kwa hiyo hakuna wa kuombea. Fomu inataka saini ya Mkuu wa Huduma na ya Mhasibu."

"Wako wapi?"

"Makwao."

Alijaribu kumpigia Mkuu mbele yake, mara mbili, huku ameiweka simu kwenye spika ili mpishi asikie mwenyewe inavyoita bure. Halafu akaiweka kwenye daftari na kuikazia macho.

"Dada, tunafahamiana. Nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu. Ikipungua kilo moja humu, hata kama wadudu wameila, nakatwa mimi. Mwaka juzi si uliona walivyomfanyia mwenzangu?"

"Na yule mtoto amebakiza saa ngapi?"

Mzee akageuza ukurasa wa daftari. Mpishi alipogeuka kuondoka, akamsikia akivuta droo ya kijimeza kando ya kiti. Alimfuata na pakiti ya sukari iliyokwisha kufunguliwa, mdomo umefungwa kwa mpira. "Hii ni ya chai yangu. Haimo kwenye daftari."

Aliichukua bila kusema asante, na njiani ikamwuma kwamba hakusema.

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa nyuma ya karakana, chumba na sebule, jiko nje. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kizingitini anaota jua, kanga begani, akivuta pumzi zake za kuhesabu. Mapafu yake yalikuwa mabovu tangu mume wa mpishi alipokuwa hai. Tangu gonjwa liingie, mpishi alikuwa akivulia nguo uani, anaoga kabla ya kuvuka kizingiti, na anakula pembe yake peke yake. Hakuwa amemshika mkono bibi huyo kwa miezi mitatu.

"Mbona mapema?" bibi akauliza.

"Napika, mama. Kisha natoka tena."

"Unampikia nani saa hizi?"

"Wanafunzi."

"Si wamefunga?"

"Wamefungiwa," mpishi akasema, na akawasha jiko.

Uji wa sufuria ile kubwa ya nyumbani ulimchukua dakika ishirini. Aliukoroga kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akimpigia Bila Kitunguu. Wanagonga, binti alisema. Mwanzoni alikuwa akiitikia. Sasa anaitikia lakini maneno hayaeleweki, kama mlevi. Mpishi akamimina sukari yote ya mzee, akaukoleza, akaupooza kwa kumimina kutoka sufuria kwenda ndoo na kurudi. Akafunga ndoo kwa kanga na kuitwika.

Bweni la karantini lilikuwa jengo la mwisho, karibu na uzio. Mlinzi alikuwa ameketi ngazini, barakoa kidevuni, fimbo mapajani. Aliponyanyuka, suruali ya sare ilimpwaya. Naye alikuwa amezoea kula mabaki ya yale maboksi.

"Simama hapo hapo, mama. Hapaingizwi kitu."

"Ni uji."

"Hata uwe uji. Amri iko hapa." Akatoa karatasi iliyowekwa kwenye nailoni. "Chakula ni cha mwenye mkataba tu, kwa usalama wao."

"Mwenye mkataba yuko wapi?"

"Hilo waulize wenyewe."

"Nimeshazunguka kuuliza, afande. Wote wako nyumbani. Tumebaki wewe na mimi."

Juu, vichwa vilianza kutokeza madirishani. Kijana mmoja akaita, "Afande, tunakuomba," bila hasira yoyote, kama mtu anayeomba kupishwa njia. Mlinzi akatazama juu, akatazama ndoo, akameza mate. Kisha akageukia uzio na kuanza kuukagua kwa makini.

"Mimi sijaona," akasema.

Wanafunzi wakateremsha mashuka matatu yaliyofungwa pamoja. Mpishi alifunga ndoo kwa fundo la mtu aliyezoea kubeba masufuria, wakaivuta, ikayumba, ikagonga ukuta, ikamwaga kidogo, na kila tone lililomwagika alilifuata kwa macho mpaka chini. Ndoo iliingia dirishani. "Kwanza yule wa mia mbili na tisa!" akapiga kelele. "Mnisikie! Kabla ya mtu yeyote!"

Alisubiri. Alisikia miguu ikikimbia juu ya ubao, mlango ukigongwa, jina likiitwa na kuitwa tena. Kisha Bila Kitunguu akatokea dirishani, midomo myeupe.

"Mama, hajibu tena. Na amefunga kwa ndani."

Mlinzi aligeuka kutoka kwenye uzio. Walitazamana. Yeye alikuwa na ufunguo kiunoni na amri mkononi. Akaikunja ile karatasi na nailoni yake, akaitia mfukoni, akafungua kufuli. Mlangoni akasita.

"Ukiingia hutoki, mama. Ndiyo kanuni. Siku kumi na nne."

Mpishi alimfikiria mama mkwe pale kizingitini na pumzi zake. Nani atamchemshia maji? Nani atamwamsha asubuhi? Alifikiria hayo akiwa tayari amefika ngazi ya nne.

Mlinzi aliupiga mlango bega mara tatu ndipo kitasa kikaachia. Kijana alikuwa sakafuni kati ya kitanda na meza, shati limemganda kwa jasho, uso wa rangi ya jivu, baridi kama ukuta. Kwenye meza palikuwa na sahani safi, kijiko juu yake, na glasi ya maji. Alikuwa ameandaa meza.

Mpishi alikaa chini, akamweka kichwa pajani. Alichovya kidole kwenye uji na kuupaka ndani ya shavu, kwenye ufizi, kidogo kidogo, asije akampalia, kama alivyowalisha watoto wake walipokuwa hawana meno. "Amka, baba," alikuwa akisema. "Amka ule. Chakula kimekuja." Kijana alivuta pumzi lakini hakufumbua macho.

Alimpigia Dereva. "Njoo na gari."

"Gari lipi? La zahanati limekwenda kuchukua..."

"Basi. Si una funguo?"

Funguo za basi Dereva hakuzirudisha hata siku moja. Alikuwa anakaa nazo mfukoni kama mtu anayekataa kuamini. Hazikupita dakika kumi, basi la viti sitini likaja likiyumba kwenye njia ya waenda kwa miguu, matairi mawili kwenye bustani. Dereva alipanda ngazi mbili mbili. Alipomwona kijana alisimama, akavua miwani, akaivaa tena. "Aliniambia nijitunze," akasema. Wakambeba yeye na Mlinzi, mmoja mabega, mmoja miguu, wakamlaza kwenye siti ya nyuma. Basi likaondoka na abiria mmoja, bila kibali cha safari.

Mpishi alitaka kufuata. Mlinzi akatikisa kichwa, akaketi ngazini, safari hii upande wa ndani.

Wanafunzi kumi walikunywa uji kwa zamu, kwa vikombe vitatu. Bila Kitunguu alikunywa chake amesimama, akakiosha kikombe, akampa mwingine. "Ulikuwa mtamu," akasema kwa adabu, na ndipo akaanza kulia.

Saa nane mchana Mratibu alikuja na watu wawili waliovaa nguo za plastiki toka kichwani mpaka miguuni, na kufuli jipya. Sasa alikuwa amevaa suruali. Alisimama mbali, kwenye majani, akaita mpaka mpishi akatokea dirisha la mia mbili na tisa.

"Mama, umejiweka kwenye hatari. Wewe na askari mtahesabiwa karantini. Na yule dereva ameshikiliwa kule kule hospitali."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Wanasema hajazinduka. Wanajitahidi." Alijikuna shingo. "Kuna barua yako itakuja, ya kuingiza chakula kisichoidhinishwa. Usijali sana, ni utaratibu tu."

"Nimekusikia. Chakula cha jioni cha hawa kinakuja saa ngapi? Sasa tuko kumi na wawili."

"Mkataba uko mezani kwa Mkuu. Nimeambiwa pengine kesho." Alisema pengine kwa sauti ndogo. Kisha akatoa simu, akasoma, kama mtu anayesoma ili asimtazame mwenzake usoni. "Kuhusu familia ya kijana. Taarifa itatolewa na ofisi ya mawasiliano peke yake. Tumekagua kumbukumbu: jana alipigiwa, alitoa tano kwenye vipengele vyote. Kwa hiyo kwa upande wa chuo, alifikiwa. Nakuomba, mama, ukipigiwa na mzazi yeyote, usipokee."

"Hayo maneno ni yako?"

"Nimetumwa," Mratibu akasema. Alikuwa na umri wa kitinda mimba wa mpishi.

Mpishi akarudi ndani. Alimpigia wifi yake, akamwomba alale kwa bibi, asimkaribie mdomoni, asisahau maji ya moto. Wifi akauliza mpaka lini. Akasema siku kumi na nne, na wifi akaanza kufoka kuhusu watoto wa watu na watu wazima wasiojijua, na mpishi akamwacha afoke mpaka aishiwe, kwa sababu alijua wifi atakuja hata hivyo. Kisha akaanza kutandika kitanda cha kijana. Alikunja blanketi, akaokota sindano na kichupa chake na kuviweka juu ya meza, mbali na ukingo. Chini ya mto, simu ikaanza kutetemeka.

Kwenye kioo paliandikwa: Mzee.

Iliita ikakatika. Ikaita tena. Dirishani aliwaona wale wawili wa plastiki wakipima kufuli jipya kwenye komeo, na Mratibu amesimama palepale kwenye majani, mikono mfukoni.

Akapokea.

"Mwanangu?" Ilikuwa sauti ya mwanamume mzee, nyuma yake kuku na mtoto anayelia. "Mwanangu, upo?"

"Si yeye, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Yeye yuko wapi? Nimepata meseji hapa, nimesomewa na jirani mara tatu sijaielewa. Wanasema mwanao amepelekwa hospitali kwa uangalizi, alifikiwa na huduma zetu za ustawi mpaka jana. Kufikiwa ndiyo nini? Magari hayatembei, njia zimefungwa, siwezi kuja. Wewe ni nani? Ni daktari?"

"Hapana, baba. Mimi ni mpishi wa chuo."

"Mpishi."

"Ndiyo."

Mzee akamnyamazisha mtoto nyuma yake. Kisha akauliza, bila ukali, kama anayetaka tu kulielewa jambo:

"Sasa kama mpishi upo, mwanangu imekuwaje hata akaanguka?"

Chini, Mratibu alikuwa ameinua kichwa. Aliiona simu sikioni mwa mpishi, akatoa mikono mfukoni na kuanza kumpungia: kata, kata. Mmoja wa watu wa plastiki akaacha kufuli, akatazama juu naye. Mpishi akalisukuma dirisha mpaka mwisho wa bawaba zake, akaegemea kizingiti, na kuongea kwa sauti yake ya bwaloni, ile iliyokuwa ikifika mwisho wa foleni.

"Baba, tafuta kalamu na karatasi. Mwite na huyo jirani anayejua kuandika. Nitakwenda polepole." Akasubiri mpaka kule mbali kiti kikasikika kikivutwa. "Andika Jumamosi. Jumamosi mchana ndiyo mara ya mwisho waliletewa chakula."